Usinipe Jani la Kijani, Nipe Namba

Leo nina hasira kidogo, kwa hiyo mniwie radhi nikiandika kwa kelele.

Wiki mbili zilizopita nilipoteza kazi ya shilingi elfu 60. Kwa watu wa Nairobi huenda si pesa ya kulilia, lakini hapa Isiolo ni kodi ya ofisi yangu ya miezi minne na chenji ya kununua betri ya UPS. Niliipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe. Ngoja niwape kisa, halafu niseme ninachotaka kusema.

Mwenye nyumba ya wageni moja hapa mjini (jina silitaji, na tafadhali msibahatishe) aliniita nimtengenezee tovuti mpya. Ni mzee mwenye heshima zake. Chai ilikuja na maziwa ya ngamia, tukakaa, tukaongea vizuri. Alitaka ukurasa wa vyumba, ukurasa wa bei, fomu ya kuagiza chumba na malipo ya M-Pesa. Hayo yote ni kazi ya siku kumi, nikakubali.

Kisha akasema: "Na kijana wangu, pale juu kabisa niwekee jani la kijani. Chini yake uandike kwamba tunalinda wanyamapori na mazingira. Wageni wa siku hizi wanapenda hayo."

"Sawa mzee. Na yule punda milia aliye kwenye kibao cha nje?"

"Awe mkubwa. Ajaze skrini."

Nikauliza swali ambalo mtu yeyote anayetengeneza tovuti lazima aulize: "Mgeni akibonyeza hilo jani, asome nini? Mnalinda vipi?"

Akaniangalia kama nimemuuliza mshahara wake. "Andika tu kwamba tunalinda. Wewe ni mtu wa kompyuta, maneno hukosi."

Sasa, kabla ya chai nilikuwa nimepita uani kuangalia pa kupitisha waya wa intaneti. Niliona magunia manne ya makaa yameegemezwa ukutani, na mpishi akaniambia hayo ni ya wiki moja. Niliona jenereta ya dizeli ikinguruma mchana wa saa sita, jua la Isiolo likiwaka juu yake. Niliona shimo la taka linafuka moshi mweusi, chupa za maji zikiyeyuka ndani yake. Kwa hiyo nikamwambia, kwa adabu zote, kwamba jani siwezi kuliweka mpaka tuwe na kitu cha kuandika chini yake. Nikamwomba namba tatu tu: makaa kiasi gani, dizeli kiasi gani, na shilingi ngapi zinakwenda kwa wanyama.

Kazi akapewa kijana mwingine. Tovuti iko hewani. Jani liko, na punda milia amejaza skrini.

Punda milia anahesabiwa, wewe je?

Huyo mnyama kwenye kibao ni punda milia wa Grevy, yule mkubwa mwenye milia myembamba na masikio ya mviringo. Hata jina lake lina kisa. Mwaka 1882 wanasayansi wa Ufaransa walimpa jina la rais wao, Jules Grévy, aliyekuwa amepelekewa mmoja kama zawadi kutoka Uhabeshi. Wenyeji waliokuwa wakiishi naye miaka yote hiyo hawakuulizwa wanamwitaje.

Katika miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa karibu 15,000. Leo hawafiki 4,000, na sehemu kubwa kabisa wako kaskazini mwa Kenya, yaani kwetu hapa na kwa majirani zetu. Waliobaki wako Ethiopia. Ukiwa Isiolo na ukaamka mapema, unaweza kumwona mnyama ambaye sehemu kubwa ya dunia itamwona kwenye picha tu.

Sasa wasikilizeni hawa, nyinyi mnaopenda kompyuta. Tarehe 30 na 31 Januari 2016 kulifanyika zoezi la kuwahesabu lililoitwa Great Grevy's Rally. Halikuwa la wataalamu peke yao. Wenyeji, wanafunzi, walinzi wa wanyama na watalii walipewa kamera zenye GPS, wakaambiwa: mpigeni picha kila punda milia wa Grevy mtakayemwona, ubavu wa kulia. Kwa nini wa kulia? Kwa sababu milia ya ubavu wa kulia si sawa na ya kushoto, na ukichanganya pande utamhesabu mnyama mmoja mara mbili.

Zilirudi picha zaidi ya 40,000. Hapo ndipo programu ilipoingia kazini. Iliandikwa na watu wa vyuo vikuu vya Marekani, wakiwemo wa Rensselaer, Princeton na Illinois kule Chicago. Inatafuta kwenye kila picha sehemu ambazo milia imekaa kwa namna isiyojirudia, inazigeuza kuwa namba, kisha inazilinganisha na picha nyingine zote. Milia ni kama alama ya kidole, hakuna wawili walio sawa. Ikikuta namba zinalingana, inajua huyu ni yule yule wa jana. Jibu la mwaka ule lilikuwa 2,350 katika Kenya nzima. Zoezi liliporudiwa mwaka 2018, jibu likawa 2,812.

Mnaona ninakoelekea? Mnyama wa porini, asiye na kitambulisho wala akaunti ya benki, anajulikana mmoja mmoja kwa milia yake. Lakini mfanyabiashara aliyemweka kwenye kibao, mwenye mhasibu na daftari la risiti, hajui mwaka jana alichoma magunia mangapi ya makaa. Au anajua ila hataki kusema. Hilo ndilo linaloniudhi. Mtu ambaye hajawahi kujihesabu hana haki ya kujipa jani.

Mto hausomi tovuti

Kuna dhana mjini kwamba wanyama wako "kule", ndani ya Buffalo Springs na Shaba, na sisi tuko "huku". Kwamba kuna lango, lango lina askari, basi mambo yamekwisha.

Angalieni ramani. Mto Isiolo unateremka kutoka upande wa Mlima Kenya, unapita mjini, halafu unaelekea kaskazini kujiunga na Ewaso Nyiro. Ewaso Nyiro ndio mto unaotenganisha Buffalo Springs na Samburu, kisha unapita Shaba na kuendelea hadi kinamasi cha Lorian. Kwa lugha ya watu wa programu, kinachotoka kwetu ndicho kinachoingia kwao. Chupa inayotupwa mtaroni Bula Pesa haihitaji kulipa kiingilio langoni. Mvua moja tu ya Aprili inatosha.

Na makaa je? Wengi tunafikiri makaa ni habari ya misitu ya mbali. Hapa makaa ni mgunga. Majani ya mgunga ndiyo anayokula twiga wetu wa kaskazini, maganda yake ndiyo yanayoliwa na tembo na mbuzi wakati wa kiangazi, na kivuli chake hukilinda kidogo kile kilichoota chini. Tanuri la kienyeji la udongo linahitaji kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo 1 ya makaa. Tupige hesabu ya magunia manne kwa wiki. Kwa mwaka ni magunia 208. Tuseme gunia lina kilo 40, hizo ni kilo 8,320 za makaa, yaani tani 40 hadi 80 za kuni. Hiyo ni nyumba moja ya wageni, yenye jani la kijani kwenye tovuti.

Tukumbuke pia ukame wa 2022. Ripoti ya serikali ya Novemba mwaka huo ilihesabu wanyama waliokufa kati ya Februari na Oktoba: tembo 205, punda milia wa kawaida 381, na punda milia wa Grevy 49. Kwa mnyama aliyebaki kwa idadi ndogo namna hii, 49 ni msiba wa ukoo mzima. Shirika la Grevy's Zebra Trust lilikuwa likiwapelekea nyasi kavu wale waliodhoofika, huku wafugaji wetu nao wakizika mifugo yao. Jiulizeni: vibao vingapi vyenye picha ya punda milia mjini Isiolo vilichangia hata robota moja la nyasi? Mimi nilikuwa na kibao cha duka langu la zamani, kina twiga. Sikuchangia.

Hoja ninazozisikia kila siku

"Hiyo ni kazi ya serikali." Sawa, serikali ina kazi yake. Lakini serikali haikulazimishi kumweka punda milia kwenye kadi yako ya biashara. Ulimchukua mwenyewe, bila kumlipa. Mimi nikichukua picha ya mtu na kuitumia kuuza bidhaa, nitaburutwa mahakamani. Punda milia hana wakili.

"Biashara yangu ni ndogo, faida yenyewe ya kuokota." Hii naielewa, kwa sababu na mimi ni huko huko. Lakini mambo mengi ninayoyataja yanapunguza gharama. Jiko la udongo na bati ambalo limeenea Kenya tangu miaka ya 1980 linapunguza makaa kwa karibu theluthi moja au zaidi, ukililinganisha na la bati tupu. Theluthi ya magunia 208 ni magunia 69. Mpigieni mzee hesabu kwa bei ya leo sokoni, halafu mniambie kama kulinda mazingira ni anasa.

"Uhifadhi ni wa wageni, unatuchukulia ardhi." Hoja hii siidharau hata kidogo, na anayeidharau haishi hapa. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi hapa Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kaunti yetu, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria. Malalamiko ya wananchi yalikuwa kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Na hati za hewa ya ukaa za nyanda zetu za malisho zimewahi kununuliwa na kampuni za mbali kama Netflix na Meta. Yaani kampuni ya sinema iliyoko Marekani imewahi kujipa sifa ya kijani kwa nyasi zetu, na muuza chai wa hapa hana analolijua.

Lakini hebu tufuate hoja hiyo mpaka mwisho. Kama tatizo ni kwamba uhifadhi umeshikwa na watu wa mbali, dawa yake si kukaa kando. Anayelipa ndiye anayeamua. Tukiendelea kuwaachia wafadhili walipe nyasi, walipe walinzi, walipe kamera, tusishangae wakipanga na ramani. Duka la Isiolo likichangia kidogo kidogo, kwa pesa inayoonekana, basi mwenye duka anaweza kusimama kwenye baraza na kuuliza: pesa yangu imefanya nini? Hilo ni swali ambalo leo hatuna haki ya kuliuliza.

Na si kweli kwamba hatujui

Kitu kingine kinachoniudhi ni semina. Mtu anatoka mbali na projekta kuja kutufundisha kwamba tusitumie plastiki, kwenye ukumbi uliojaa chupa za maji za plastiki.

Ndugu zangu, miraa inayofika hapa kutoka Meru ilikuwa ikifungwa kwa majani ya mgomba kabla ya mtu yeyote kusikia neno "endelevu". Akina mama wa maziwa ya ngamia hapa Isiolo, wanaosafirisha hadi Eastleigh kwa basi, wanarudishiwa vyombo vyao, wanaviosha na kuvitumia tena. Fundi wa soko akipewa tairi kuukuu anatoa viatu. Ngamia mwenyewe anakula vichaka, hachimbi ardhi kwa kwato. Tulikuwa na elimu hii. Tuliiacha tulipoambiwa kwamba biashara ya kisasa ni ile inayotupa vitu.

Sheria nayo ipo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, faini ni shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga na maeneo mengine ya hifadhi. Sasa kampuni ya safari inayomnunulia mgeni katoni ya chupa mjini, halafu inampeleka langoni, inafanya nini hasa? Weka mtungi mkubwa wa maji na chupa za bati ndani ya gari. Imekwisha.

Ninachopendekeza: namba nne

Sitaki cheti wala nembo. Kila biashara ya Isiolo inayotumia picha au jina la mnyama ibandike namba nne, ukutani na kwenye tovuti kama inayo, kila mwezi:

1. Magunia ya makaa. Kama ni ya mathenge, ule mti mgeni unaovamia malisho yetu, andika hivyo, kwa sababu kukata mathenge ni kusaidia na kukata mgunga ni kubomoa.

2. Lita za mafuta ya jenereta. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Stima ya Kenya Power kwa sehemu kubwa inatokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo, na jua tunalo la bure. Jenereta iwe ya dharura.

3. Chupa za plastiki zilizonunuliwa, na zilizorudishwa kwa wanaozikusanya. Zile zinazokosekana katikati ziko mtoni.

4. Shilingi zilizokwenda kwa wanyama, na zilikwenda kwa nani. Kwa nyumba ya wageni napendekeza shilingi 50 kwa kila chumba kwa kila usiku. Kwa duka au kinyozi, chochote. Ziende kwenye nyasi za kiangazi, kwa vijana wa kijijini wanaofuatilia wanyama, au kusafisha mto. Risiti ya M-Pesa ibandikwe, namba za simu zikiwa zimefichwa.

Na kama wageni wako wanapiga picha za punda milia wa Grevy, waombe za ubavu wa kulia uzikusanyie wanaohesabu. Hiyo haikugharimu kitu. Tahadhari moja tu ya kiufundi: picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Kwa kifaru na tembo, zima GPS kabla ya kupiga na usiweke picha mtandaoni siku hiyo hiyo. Majangili nao wana intaneti.

Nani atatengeneza programu ya kuweka hizo namba? Mimi. Nitaiandika kwa PHP, itafanya kazi hata kwenye simu ndogo, na nitaitoa bure pamoja na msimbo wake ili mwenye kutaka kuibadilisha aibadilishe. Lakini msiisubiri. Daftari la shilingi 40 linatosha kuanzia kesho.

Haya, na namba zangu

Haitakuwa haki kumaliza bila kujianika. Ofisi yangu mwezi uliopita: makaa, hakuna, chai tunanunua nje (kwa hiyo makaa yangu yako kwa mama chai, nitamuuliza). Petroli ya jenereta, lita 22. Chupa za maji 31, zilizorudishwa sifuri. Shilingi kwa wanyama, sifuri.

Na kuna namba ya tano ambayo watu wa kazi yangu hawapendi kuitaja. Betri za UPS zilizokufa, nne kwa miaka mitatu. Tatu niliwauzia wanunuzi wa vyuma chakavu, na najua wanachofanya: wanapasua, wanamwaga tindikali chini, wanachukua risasi. Ardhi hiyo hiyo inaelekea mto ule ule niliokuwa nawahubiria hapo juu. Betri ya nne na skrini mbili mbovu bado ziko chini ya meza. Nairobi kuna WEEE Centre wanaopokea vitu kama hivyo. Nauli ya mzigo kwa basi ndiyo iliyokuwa kisingizio changu, na leo nimekiondoa, mzigo unaondoka Jumatatu.

Aibu? Ndiyo. Lakini sasa mnanijua, na mwezi ujao mtanilinganisha na mwezi huu. Hiyo ndiyo kazi ya namba.

Nikirudi kwa yule mzee: milango yangu iko wazi. Akiniletea namba zake, hata ziwe mbaya kuliko zangu, nitamwekea jani bila malipo, na punda milia nitamjaza skrini mpaka pembeni. Asiponiletea, basi naomba jambo moja la heshima: amshushe mnyama wa watu kutoka kwenye kibao.

Wenye kupinga, pingeni. Ila njooni na namba.